Kondoo wa Nyawira

Kitengela,
20 Januari 2025

Kwa Seleyian,

Supa. Usiseme nimesahau salamu yenu.

Mzee Kasaine amekubali kutubebea barua. Akimaliza kugawa maziwa hapa kwetu asubuhi anarudi Kajiado na mitungi mitupu, kwa hivyo barua hii inasafiri ndani ya mtungi, imefungwa kwa nailoni. Ikinuka maziwa, si mimi. Aliniuliza, "Ni ya mchumba?" Nikainamia mtungi kwa aibu. Akacheka, na sasa nadhani anaamini ni ya mchumba.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu ni ya Mama, inakaa dukani juu ya gunia la maharagwe, na kila mteja anasikia. Halafu unanijua. Nikishika simu maneno yananikimbia. Juzi Shangazi Kaluki alipiga kunipongeza kwa matokeo ya mtihani, nikampa kaka yangu Mbithi aongee kwa sauti nyembamba akijifanya mimi. Shangazi alimwambia, "Umepata homa, mwanangu?"

Sasa habari kubwa. Mama amekubali Naivasha! Nilimwambia ni siku mbili tatu tu, tuone ziwa, tuone viboko, tuone shamba la zabibu. Amesema zabibu ni kitu cha Biblia, hana neno nazo. Divai sijaitaja. Unajua yeye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kwake hata kikohozi hakitibiwi na dawa yenye harufu ya pombe.

Lakini ameweka sharti. Hatutalala gesti. Tulale kwa mama wa mtu, anayeenda kanisani, na aongee naye kwanza kwa simu. Sisi hatuna mtu Naivasha. Wewe je?

Bado naikumbuka ile siku mwalimu wa Jiografia alipotuonyesha ule mji kwenye ramani, kando ya ziwa, akasema hapo ndipo wanalima zabibu za divai. Ulinigusa kwa kiwiko ukaninong'oneza, "Tukimaliza shule. Mimi na wewe." Nimehesabu hiyo kama ahadi.

Wako daima,
Kalunde

—

Kajiado,
25 Januari

Kalu wangu,

Barua ilinuka maziwa, na ilinuka wewe pia, ile sabuni ya kipande. Nimefurahi mpaka koko, bibi yangu, akaniuliza kama nimeitwa chuo kikuu.

Sikia sasa. Nimeanza masomo ya kompyuta hapa mjini. Msichana anayekaa karibu nami anaitwa Nyawira. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Tulianza kuongea kwa sababu kompyuta yangu iligoma na yeye akaipiga kofi ikawaka. Anachekesha huyo! Sijacheka hivyo tangu tumalize shule. Basi siku moja nikataja Naivasha, akasema, "Ai, si shangazi yangu anaishi huko?" Shangazi Waceke anakata zabibu, Kalu! Kazi yake ni kukata zabibu! Ni shemasi kanisani kwao. Nambari yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, mama yako ampigie.

Kwa hivyo tuko na nyumba. Nyawira atakuja pia, ndiye anayejua njia. Tunapanga mwisho wa Februari kabla zabibu hazijaisha.

Nyawira anasema tubebe kofia pana. Nyawira anasema viboko hutoka jioni kula nyasi, hata karibu na nyumba za watu. Nyawira anajua kuendesha mtumbwi.

Nakupenda, msichana wa ndengu.

Seleyian

—

Kitengela,
29 Januari

Kwa Seleyian,

Asante kwa barua. Mama ameongea na Shangazi Waceke. Waliombeana kwa simu, kwa hivyo mambo yako sawa.

Nina maswali machache. Je, tutalala wapi na nani? Nauliza kwa sababu ya blanketi. Je, ile safari ya mtumbwi ni ya watu wawili au watatu? Na je, Nyawira atakaa nasi siku zote, au atakuwa na shangazi yake, kwa vile hawajaonana muda mrefu na watakuwa na mengi ya kuzungumza?

Nimefurahi kwamba anachekesha. Mimi najua sichekeshi sana.

Kofia pana sina. Nitavaa ile ya shule niliyong'oa nembo.

Kalunde

—

Kajiado,
3 Februari

Kalu,

Mbona barua fupi hivyo? Umeandika ukipima mahindi?

Tutalala sisi watatu kitanda kimoja, wewe katikati kwa sababu unaogopa ukuta. Mtumbwi unabeba watu wengi hata mbuzi. Na kofia usijali, Paker amesema atakuletea ya dada yake.

Paker anakusalimu. Paker anataka kujua kama unapenda viazi vya kukaanga au vya kuponda, kwa sababu shangazi yake anapika mukimo na hataki mgeni ale kwa huruma. Nilimwambia unakula chochote ukiachwa peke yako jikoni.

Jana tulienda na Paker kununua viatu vya safari. Alinivalisha jozi moja ya kijani nikaonekana kama chura. Tulicheka mpaka mwenye duka akatufukuza.

Andika vizuri safari hii. Nimeyakosa maneno yako marefu.

Seleyian

—

Kitengela,
6 Februari

Kwa Seleyian,

Paker ni nani?

Kalunde

—

Kajiado,
10 Februari

Wewe Kalunde,

Umemtuma mzee wa watu na mtungi mzima kwa sababu ya maneno matatu? Kasaine amenipa karatasi akasema, "Huyu mchumba wako amekasirika." Nilimwambia wewe ni msichana. Alisema hilo halimhusu.

Paker ni Nyawira! Nilidhani nilikueleza. Kwetu mtu akikupa kondoo, hamuitani tena kwa majina. Yeye anakuita Paker, na wewe unamwita Paker, mpaka mzeeke. Akikupa mbuzi, mnaitana Pakine, maana ker ni kondoo na kine ni mbuzi. Ni heshima. Koko yangu ana rafiki wanaitana hivyo tangu wakiwa wasichana, na jina lake la kweli hata sisi hatulijui.

Basi mimi nilimpa Nyawira kondoo. Yule jike wangu mwenye doa shingoni, niliyepewa na koko nilipomaliza shule. Ungeona sura ya baba yake nilipofika dukani namvuta kwa kamba katikati ya mabati na misumari! Akasema, "Mama, hapa hatuuzi nyasi." Sasa kondoo anakaa nyuma ya duka na analia kila wakipakua saruji.

Kwa nini nilimpa, hiyo ni siri. Nitakuambia tukiwa Naivasha, tumekaa kando ya maji. Usiniulize kabla.

Zimebaki wiki chache! Umepanga nguo?

Seleyian

—

Kitengela,
13 Februari

Kwa Seleyian,

Nimesoma barua yako mara nyingi, tena nyuma ya duka ili Mbithi asinione.

Tumelala kitanda cha juu na cha chini miaka minne. Ulipougua tumbo ni mimi niliyekuchotea maji ya moto kwa mpishi, mimi ninayeogopa hata kumwambia mpishi shikamoo. Nilikuandikia insha yako ya Kiswahili ulipoumia kidole. Ulinifundisha nyimbo zenu, nikakufundisha kufunga kikapu kama mama zetu wa Ukambani. Na katika miaka hiyo yote hujawahi kuniambia kwamba kuna kitu kama hicho kwenu, kwamba watu wanaopendana wanapeana jina la wao wawili tu. Mimi ni Kalu. Kalu hata Mbithi ananiita.

Yeye amekujua tangu Januari. Alipiga kompyuta kofi, akapata kondoo.

Sisemi kwamba nilitaka kondoo. Tungemweka wapi, hapa plotini? Nasema tu kwamba sasa nimejua. Mtakaa kando ya maji mkiitana Paker, Paker, na mimi nitakuwa katikati ya kitanda kwa sababu naogopa ukuta.

Lakini hata hivyo hayo yote si kitu tena. Mama ameuliza zabibu hizo zikishakatwa zinapelekwa wapi. Sikuweza kumdanganya. Amekasirika sana. Amesema hakuna mtoto wake atakayelala nyumba inayolishwa na divai, ambayo kwake ni pombe iliyovaa nguo ya kanisa. Amenizuia kwenda. Naona ameshika simu, sijui anampigia nani.

Pole. Nendeni salama.

Kalunde

—

Kajiado,
17 Februari

Kalunde,

Mama yako alimpigia yeyo, mama yangu. Akampigia na Shangazi Waceke. Alimwambia yule mama, shemasi, ambaye hajawahi kuonja hata tone la kile kinachotoka kwa mikono yake, kwamba anataka kufundisha watoto wa watu ulevi. Nyawira anasema shangazi yake alilia. Alikuwa amenunua godoro la pili.

Na mama yako hakuuliza zabibu zinapelekwa wapi. Yeyo alimsikia vizuri: "Mtoto wangu alikuja akaniambia mwenyewe, nikiwa napima ndengu, bila hata kuulizwa." Wewe ambaye huwezi kumwambia mteja bei ya mchele, siku hiyo ulipata sauti.

Sasa nitakuambia ile siri, maana haina faida tena.

Nyumba ya Shangazi Waceke ni chumba na jiko. Baada ya simu ya mama yako alijua tuko watatu, akasema wageni wawili basi, Nyawira na rafiki mmoja. Rafiki huyo ni mimi. Nikamwambia Nyawira, haiwezekani, kuna Kalunde. Akasema, "Kalunde ni nani? Mimi simjui." Nikamwambia Kalunde ndiye safari yenyewe. Akacheka, akasema kwa mzaha, "Basi niletee kondoo nimshawishi shangazi." Wao kwao huo ni utani. Mimi nikaenda nyumbani nikamleta. Alipomwona kondoo alishtuka, akapiga simu saa hiyo hiyo, na shangazi akasema kama rafiki anatolewa kondoo, basi aje, tutabanana.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungesema, "Basi mimi nitabaki, msihangaike." Nilitaka ufike kwanza, ule, ulale, halafu nikuambie ukiwa huwezi tena kukataa.

Nilimpenda yule kondoo. Koko aliniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo.

Yeyo ameniruhusu. Mimi na Nyawira tutaenda.

Seleyian, yule wa dawati la nyuma, kama bado unamkumbuka

—

Kitengela,
19 Februari

Seleyian,

Nimekosea. Nikuambie nini zaidi? Niandikie hata matusi.

Kalunde

—

Kitengela,
24 Februari

Seleyian,

Mzee Kasaine amesema leo pia hakuna kitu. Alinionyesha mtungi, mtupu kabisa, akaugeuza chini juu ili niamini. Kisha akasema, "Wachumba huwa hivyo," akanipa nusu lita ya bure.

Nawaza kuhusu lile godoro.

Kalunde

—

Kitengela,
3 Machi

Seleyian,

Sijui kama utasoma hii, lakini nataka uyasikie kwangu pia, si kwa Shangazi Waceke peke yake.

Jumamosi, mkiwa huko, duka lilijaa. Ilikuwa siku ya watu kupata mishahara. Nilikuwa nachambua mchele na katika kila punje niliwaona mnacheka. Niliwaona mkiwa mtumbwini. Niliona Nyawira amekushika mkono. Nakuambia ukweli, hata baada ya kujua habari za kondoo, bado nilikuwa na wivu. Nilidhani nikijua utaisha. Haukuisha. Ulikuwa pale pale, lakini sasa nilikuwa na aibu juu yake, vikawa viwili.

Nikamwambia Mama, "Naomba simu."

Mama aliacha kupima. "Nani? Wewe? Mbithi, njoo! Kalunde ameomba simu!"

Wateja wote wakageuka. Kulikuwa na Mama Muteti wa kwaya, na fundi wa mawe aliyekuja kununua unga. Nikasema, "Nataka kumpigia Shangazi Waceke. Mama, ulimwambia vibaya kwa sababu mimi nilikuambia nusu. Nilikuambia divai. Sikukuambia ni shemasi, na shemasi haonji. Nilijua, nikaacha. Nilitaka safari ife."

Mama akaniuliza, "Kwa nini?"

Mbele ya watu wote wale, Seleyian. Nikasema, "Wivu."

Fundi wa mawe akasema, "Aki huyu mtoto ni mkweli," na Mama Muteti akamwambia anyamaze. Mama alinitazama, kisha akabonyeza nambari mwenyewe, akanipa simu. 

Shangazi Waceke alishika. Nilisikia upepo, na watu wakiimba kwa mbali. Nilisema jina langu. Akasema, "Aa! Ndiye wewe wa wivu?" Kumbe mlikuwa mmemwambia! Nilitaka kukata simu. Lakini nikaendelea, nikamwambia kila kitu, na kwamba naomba radhi kwa machozi yake na kwa godoro. Maneno yalitoka yote.

Akasema, "Mwanangu, hata mimi dada yangu alipoolewa nilimficha kiatu ili asitoke nyumbani." Akacheka. Akamwita mtu, sikusikia jina. Halafu akaomba apewe Mama, na Mama akaingia nayo chumba cha nyuma. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliniambia, "Rudi kwa mchele."

Ni hayo tu. Siombi ujibu. Natumai ziwa ni zuri kama tulivyosema.

Kalunde

—

Kajiado,
5 Machi

Kalu,

Mtu aliyeitwa ni mimi. Lakini nilikuwa karibu tangu mwanzo, mstari wa pili wa mizabibu, nimebeba ndoo. Uliposema jina lako tu, Shangazi aliweka simu mbali na sikio ili nisikie. Nilisikia kila neno. Nilisikia hata wateja wenu wakinong'ona.

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia mpaka Pasaka. Sasa ona.

Ziwa ni kubwa na lina harufu ya matope. Maji yamepanda mpaka yakaingia kwenye mashamba ya watu, miti mingine imesimama ndani, imekauka, ndege wamekaa juu. Viboko niliwasikia tu, wanakoroma kama baba yangu. Nyawira hajui kuendesha mtumbwi. Alidanganya. Tulizunguka mahali pamoja mpaka mvuvi akatuvuta kwa kamba.

Zabibu si vile tulivyodhani. Si zile kubwa za dukani. Ni ndogo, nyeusi, ngozi ngumu, mbegu mbili kubwa. Wanafunika mizabibu kwa nyavu kwa sababu ya ndege, kwa hivyo unakata ukiwa umeinama, wavu umekuangukia kichwani kama bibi harusi. Nilitaka kukuambia hilo saa ile ile. Niligeuka kukuambia, na aliyekuwepo ni Nyawira. Ni mtu mzuri, Kalu. Lakini niligeuka kukuambia wewe.

Shangazi aliruhusiwa kuchukua kishada kimoja cha mwisho, na alikuambatanishia salamu. Nimempa Kasaine kwenye kopo. Kama zabibu zimepondeka ni barabara. Kishada hicho si cha Shangazi tena. Nilimwomba, akanipa mimi, na mimi ndiye ninayekupa wewe.

Nilimuuliza koko, mtu akimpa mwenzake zabibu wanaitanaje? Akauliza zabibu ni nini. Nikamwonyesha moja, akaionja, akatema mbegu. Akasema kitu hicho hakikuwepo zamani, hakina jina, na kama nataka jina nilitengeneze mwenyewe, yeye ana kazi.

Kwa hivyo nimelitengeneza. Hakuna mtu mwingine Kajiado nzima, wala Kitengela, anayeitwa hivyo. Tutaliita mpaka tuzeeke na wajukuu wasijue majina yetu ya kweli.

Godoro bado lipo. Zabibu zitaiva tena.

Pazabibu

—

Kitengela,
7 Machi

Pazabibu,

Nimeandika jina hilo mara moja tu na tayari mkono umelizoea.

Kopo lilifika. Nusu zilikuwa zimepondeka, Mzee Kasaine amelalamika kwamba maziwa yake yamekuwa ya waridi. Nilimwonyesha jina ulilonipa. Akavua kofia akasema, "Sasa hiyo ni ndoa."

Mama alikataa kuonja. Akasema ataangalia tu. Baadaye nilimkuta nyuma ya duka akitema mbegu kwenye kiganja. Amesema ni chachu. Halafu akauliza kama zimebaki.

Amesema pia kwamba zikiiva tena nitaenda, na kwamba yeye mwenyewe atanisindikiza mpaka mlangoni, kwa sababu anataka kumwona Shangazi Waceke uso kwa uso na kumpelekea gunia la ndengu. Wameshapigiana simu mara mbili. Wanaombeana muda mrefu sana, simu inaisha chaji.

Mbegu nimezianika. Sijui kama zitamea kwa udongo huu wetu wa mawe, lakini nimezianika.

Msalimu Nyawira. Nasema kwa moyo. Mwambie nitaivaa ile kofia ya dada yake.

Pazabibu

Nimesahau kuuliza. Wewe na Nyawira mlipokuwa kule chini ya wavu, uliwahi kumpa zabibu hata moja kwa mkono wako? Nauliza tu.